Barua ya Mwaka ya Sefania, Mwandika Vibao

Kila mwaka, siku zile za katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya, Sefania mwandika vibao aliosha burashi zake zote kwa mafuta ya taa, akazifunga katika kitambaa, akavaa shati safi, akakaa mezani kuandika barua. Haikuwa barua ya shida wala ya kuomba kitu. Ilikuwa barua ya mwaka mzima, kurasa tatu na pengine nne, ya kuwaeleza watu wa kwao Bombo jinsi Mungu alivyomfikisha: watoto wamefika wapi, mke anaendeleaje, na mikono yake imefanya kazi gani tangu barua iliyopita.

Barua ilikwenda kwa dada yake Kaanaeli, mkubwa wao wote, mjane aliyebaki kwenye kiwanja cha baba yao huko juu milimani. Kaanaeli hakujua kusoma. Barua ikifika alingoja Jumapili, akapika makande chungu kizima, akaita ndugu na majirani baada ya ibada, na mtu mwenye kusoma akasimama mlangoni penye mwanga akaisoma yote. Sefania alilijua hilo, kwa hiyo aliandika kama mtu anayesimama mbele ya watu. Na kwa ajili ya wale wasiojua herufi, alichora pembeni mwa karatasi vichwa vya wanawe kwa wino, kuanzia mkubwa juu hadi mdogo chini. Karatasi ilipitishwa mkono kwa mkono, na wazee wakasema huyu amefanana na marehemu fulani, yule ameota pua ya upande wa mama.

Kwa kweli aliionea fahari barua hiyo kuliko kibao chochote, na vibao vyake havikuwa haba. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akateremka Same kutafuta kazi ya reli. Huko alipewa kopo la rangi nyeupe, akaambiwa apake mawe ya kandokando ya stesheni. Fundi mmoja mzee wa Kihindi, aliyekuwa akiandika namba za mabehewa, akaona kijana ana mkono uliotulia. Akamfundisha kuegemeza mkono juu ya kijiti ili burashi isitetemeke, na kuvuta mstari kwa pumzi moja. Baada ya miaka ishirini hakukuwa na mtaa Same usiokuwa na mkono wa Sefania: maduka ya nguo, hoteli za chai, milango ya boma, misalaba ya makaburini.

Alikuwa na upungufu mmoja. Aliona umbo la herufi, hakuliona neno. Angeweza kuchora R ikapendeza kama pambo, na asitambue kwamba mahali pale haikutakiwa R. Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi aliandika kwanza kwa chaki, na chini ya ngazi alisimama binti yake wa kwanza, Yudith, akisoma herufi moja moja kwa sauti. Yudith alianza kazi hiyo akiwa na miaka saba. Hata alipopelekwa shule ya bweni ya wasichana, baba yake aliwaambia wenye maduka wangoje likizo. Mjini watu walimwita Baba Yudith, na wengine hawakujua kwamba ana jina jingine.

Mwaka wa 1953, mwezi wa Juni, Yudith alirudi nyumbani shule ikiwa haijafungwa. Alishuka kwenye gari moshi na sanduku lake la bati, akaingia jikoni kwa mama yake, na mlango ukafungwa. Mama yake, Eliwaza, alipotoka alimweleza mumewe kwa maneno machache. Mtoto ana mimba ya miezi minne. Mwanamume aliyemtaja alikuwa fundi wa kupita, aliyekuja kujenga matangi ya maji pale shuleni, naye alikuwa amekwisha kuondoka, na kwao hakuna aliyepajua.

Sefania hakumpiga bintiye wala hakumfokea. Mtu wa nje angedhani ni upole. Ila jina la Yudith lilitoweka kinywani mwake. Yudith akimletea chakula alikisogeza pembeni, akangoja mdogo wake Dorkas amletee kingine. Siku ya tatu akavaa koti, akaenda kwa Mzee Ebenezer, mzee wa kanisa.

Ijulikane kwamba mwaka ule watu walikuwa wamekwisha kunong'ona kuwa uchaguzi ujao Sefania atawekwa kuwa mzee wa kanisa. Mnong'ono huo ulikuwa umemfikia, na ulimpendeza.

"Nimekuja kusema mwenyewe kabla watu hawajasema," alimwambia Mzee Ebenezer. "Binti yangu ameanguka. Kanisa lifanye linalopasa."

Mzee Ebenezer alikuwa akimenya muwa. Akaweka kisu chini. "Umekaa naye ukamsikiliza?"

"Hakuna la kusikiliza, mzee."

"Ungekaa naye kwanza. Kanisa lipo tu, Sefania. Halikimbii."

Lakini neno likitoka halirudi. Jumapili ya pili baada ya hapo jina la Yudith likasomwa mbele ya usharika, kwamba ametengwa na Meza ya Bwana. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye benchi la wanawake kando ya mama yake, shingo imenyooka. Sefania, upande wa wanaume, alikodolea macho ubao wa namba za nyimbo. Akaikagua sita iliyoandikwa pale kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine, akaona tumbo lake ni kubwa mno, akaendelea kuifikiria hiyo sita mpaka ibada ikaisha.

Wiki iliyofuata Eliwaza alimchukua Yudith na sanduku lake, wakaondoka. Siku ya nne alirudi peke yake.

"Nimempeleka kwetu," alisema.

Sefania hakuuliza zaidi. Kwao Eliwaza ni Lembeni, mwendo mfupi kwa gari moshi. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na pumzi ile, miezi michache baadaye, ndiyo iliyomchoma kuliko vitu vingi. Kisha akasema, "Kuanzia sasa mniite Baba Tumainieli." Tumainieli alikuwa mwanawe wa pili.

Eliwaza akamtazama. "Haya," akasema. Lakini tangu siku ile hakumwita kwa jina lolote. Akimtaka alikwenda mpaka alipo, akasimama mbele yake ndipo akasema shida yake.

Mwezi wa Novemba kanisa lao lilipata milango mipya, na wazee wakaomba juu yake paandikwe NYUMBA YA MUNGU. Sefania akasema kazi hiyo ni sadaka yake. Aliifanya Jumamosi, kwa rangi nyekundu yenye ukingo mweusi. Aliandika kwa chaki, akashuka, akarudi nyuma hatua kumi, akatazama, akaridhika, akapaka. Hakumwita mtu kumsomea. Tumainieli alikuwa shule ya bweni, Dorkas bado alikuwa anazisoma herufi kwa kidole, na wa mwisho, Eliufoo, alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Jumapili alikuta watu wamejaa mbele ya mlango, hawaingii. Wasichana wa kwaya walikuwa wameziba midomo kwa vitambaa. Karani mmoja wa stesheni, mtu asiyejua kunong'ona, akasoma polepole, "Nyuma ya Mungu."

Sefania akainua macho akasoma. Akasoma tena. Herufi zilikuwa nzuri, maishani mwake hakuwahi kuandika nzuri kama zile. B haikuwapo.

Baada ya ibada ilimbidi alete ngazi na kisu cha kukwangulia, akapanda mchana kweupe wakati usharika unatoka na kumsalimu mmoja mmoja kwa adabu nyingi. B haikuweza kupenyezwa. Ilibidi neno zima litoke. Mzee Ebenezer alimshikia ngazi. Baada ya kitambo kirefu alisema jambo moja tu: "Zamani ulikuwa na mtu wa kukusomea."

Sefania akaendelea kukwangua. Maganda ya rangi nyekundu yalikuwa yakimwangukia mzee yule mabegani, naye hakuyapangusa. Jumatatu, alipopita sokoni na kopo lake, alisikia nyuma yake mtu akisema, "Nyuma ya Mungu huyo anapita," na kicheko kikafuata.

Kwa hiyo Krismasi ilipopita, akaosha burashi na kukaa mezani, alitaka barua ya mwaka ule iwe nzuri kuliko zote. Aliandika hivi:

"Kwa dada mpendwa Kaanaeli na ndugu wote. Sisi huku Same tu wazima kwa neema ya Mungu. Mke wangu Eliwaza alisumbuliwa na goti lakini sasa anatembea. Mwanangu Tumainieli ameshinda mtihani wake, amekuwa wa tatu kati ya wanafunzi arobaini. Dorkas ameanza shule na amekwisha kusuka kikapu chake cha kwanza, kimepinda kidogo lakini kinabeba. Eliufoo anasema Kiswahili na Chasu kwa mdomo mmoja. Kuhusu kazi, mwaka huu nimeandika vibao kumi na vinne. Duka jipya la vitambaa karibu na stesheni nimeliandika kwa herufi zenye kivuli, ambazo hapa Same hazijapata kuonekana. Nimeandika pia juu ya mlango wa kanisa, kazi niliyoitoa kama sadaka."

Habari za mlango aliziishia hapo. Kisha akachora vichwa. Mahali pa juu, alipozoea kumweka Yudith, akamweka Tumainieli, na ili ukingo wa karatasi usibaki mtupu akavifanya vichwa vyote vitatu kuwa vikubwa zaidi kuliko miaka mingine.

Eliwaza akaja akijifuta mikono kwa kanga. "Umewamaliza wote?"

"Wote."

Alivitazama vile vichwa kwa muda. Sefania alingoja aseme neno, na moyoni alikuwa amekwisha kuandaa jibu. Eliwaza akanyoosha mkono. Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akaifunga. "Nitaipeleka posta mwenyewe," akasema.

Jibu kutoka Bombo kwa kawaida lilifika Februari. Safari hii lilifika wiki ya tatu ya Januari. Sefania alikuwa juu ya ngazi, akiandika ukuta wa hoteli ya chai, karani wa posta alipopita akamkabidhi bahasha. Aliitazama akiwa juu pale pale. Maneno BARUA KWA SEFANIA yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama sawa, na R ya BARUA ilikuwa imenyoosha mguu mbele kama mtu anayeruka mfereji. R ya namna hiyo ilikuwa yake, na duniani alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu kuiandika.

Akashuka. Akakaa juu ya kopo la rangi, akafungua.

"Mdogo wangu Sefania. Barua yako imefika salama na Jumapili tumeisoma. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Aliyetusomea ni huyu huyu anayeniandikia sasa, maana hapa kwangu hakuna msomaji kama yeye. Alisimama mlangoni na mtoto wake mgongoni, akasoma toka mwanzo hadi mwisho, sauti haikukatika. Alipofika kwa watoto alisoma Tumainieli, akasoma Dorkas, akasoma Eliufoo, kisha akaanza habari za kazi. Mama Hezroni, ambaye unajua hasikii vizuri, alidhani amepitwa. Akasema, Rudia hapo kwa yule mkubwa. Msomaji akaitazama karatasi, akamwambia, Bibi, hapa hakuandikwa. Kisha akaendelea na vibao.

"Sefania, mimi herufi sizijui, lakini picha naijua. Karatasi iliponifikia nilihesabu vichwa.

"Nimemwambia huyu aandike maneno yangu kama ninavyoyasema, asipunguze, naye amekubali. Habari zetu ni hizi. Mahindi si mabaya. Ukingo wa bwawa letu la ndiva ulibomoka, maji ya kumwagilia yakapotea siku mbili, tumeuziba. Yudith, mwanao, hajambo. Alijifungua mwezi wa Novemba mtoto wa kiume, kwa shida, lakini wote wazima. Nilitaka mtoto aitwe Sefania kwa desturi yetu. Mama yake alikataa. Amemwita Melkizedeki. Nilipomwuliza ni jina la nani katika ukoo wetu, alinisomea Maandiko habari za mfalme yule ambaye hakuandikiwa baba wala mama wala ukoo. Basi ndilo jina lake. Ni mimi dada yako."

Sefania aliisoma mara mbili, na mara ya tatu hakusoma maneno, alisoma mkono. Alitafuta mahali ambapo kalamu imetetemeka, au wino umedondoka, au mstari umepanda. Angepata herufi moja tu iliyoyumba angekuwa na pa kushika. Hakupata. Kazi ilikuwa safi toka juu mpaka chini, kama alivyomfundisha.

Aliacha ngazi imeegemea ukuta, akaenda nyumbani. Eliwaza alikuwa uani akichambua maharage.

"Ulisema umempeleka kwenu."

"Nilisema kwetu," Eliwaza alijibu bila kuinua kichwa. "Huu ni mwaka wa ishirini tangu niolewe na watu wa Bombo. Kwetu ni wapi?"

"Ulijua kwamba atakayesoma ni yeye."

"Nilijua."

"Mbona hukunizuia?"

Eliwaza akatoa jiwe katika maharage, akalitupa. "Ungeongeza mstari mmoja kwa sababu nimekusimamia. Ukaandika Yudith hajambo, nawe hujui kama hajambo. Nikaona heri lisikike lile lililo moyoni mwako."

Sefania akaikunja ile barua, akaitia mfukoni. Siku ya pili yake alipanda lori la kwenda Gonja. Eliwaza alimpa furushi la nguo za Eliufoo alizovaa alipokuwa mchanga. Yeye mwenyewe hakujua mtu humpelekea zawadi gani mtu aliyemfuta. Lori lilipita kijiji cha Kisiwani, nyika kavu upande huu na milima upande ule, na njia nzima, akiwa juu ya magunia, alipanga maneno. Aliyapanga kama anavyopanga kibao, neno kubwa katikati, madogo pembeni. Gonja Maore akashuka, akalala kwa jamaa, na asubuhi akaanza kupanda kwa miguu.

Huko juu jina lake jipya halikuwa limefika. "Baba Yudith, karibu, ni siku nyingi," alisema mwanamke aliyebeba majani ya ng'ombe. "Baba Yudith, habari za Same?" alisema mzee aliyekuwa akipogoa mibuni. Kila aliyemsalimu alimsalimu hivyo, kwa furaha, naye kila mara aliitikia huku akitazama chini, kwenye mawe ya njia.

Kaanaeli alikuwa amekaa mbele ya nyumba akimenya ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na miguu yako."

"Nimekuja."

"Afadhali. Yudith yuko mtoni anafua. Usimfuate, akukute hapa hapa."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu chenye mfuniko. Ndani yake zilikuwamo barua zake za miaka yote. Kaanaeli alizitandaza juu ya mkeka, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao mtu asiyejua kusoma alikuwa ameuhifadhi kwa picha tu. Kichwa kimoja, mtoto mchanga asiye na nywele. Kimoja, sasa kina meno. Viwili. Viwili. Vitatu. Vinne, na wa juu amesukwa. Mwisho akaweka ile ya mwaka huu.

"Nieleze wewe uliyesoma," akasema. "Tangu lini watu wa nyumba yetu wanapungua bila msiba?"

Sefania alizitazama karatasi. Alitaka kuzikusanya, azirudishe kikapuni, lakini hazikuwa zake tena.

Yudith akaja na beseni la nguo kichwani na mtoto mgongoni. Alimwona baba yake, hakusita wala hakuharakisha. Alitua beseni, akafuta mikono, akapiga goti kidogo kama msichana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ni lile goti tu."

"Ndiyo," Yudith alisema. "Nilisoma."

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayethibitisha habari, na maneno yote yaliyopangwa juu ya magunia yakamtoka Sefania kichwani. Kaanaeli alichukua ndizi zake akaingia jikoni. Wakabaki wawili, na mtoto.

"Niliandika mlango wa kanisa," Sefania alisema hatimaye. "Nikaruka B."

"B ya wapi?"

"Ya nyumba."

Yudith alifikiri. Midomo yake ikalitamka lile neno kimya kimya, kama zamani chini ya ngazi, kisha kicheko kikamponyoka. Akakizuia haraka kwa kiganja, kama mtu aliyetoa kitu ambacho hakukusudia kukitoa. Sefania angependa achekwe pale mpaka jioni. Lakini kilikuwa kimekwisha.

"Yudith, nilikosa."

"Ule mlango?"

"Barua. Na kabla ya barua. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Mzee Ebenezer. Hakuna mtu aliyekuwa amesema bado. Nilikwenda mwenyewe ili nionekane mtu safi."

"Najua, baba. Mzee Ebenezer alikuja kunieleza kabla sijaondoka Same. Wewe ulikuwa kazini. Aliniomba radhi."

"Yeye alikuomba radhi?"

"Ndiyo. Alisema angekurudisha nyumbani siku ile ukazungumze nami, ila alikosa ujasiri."

Sefania hakujua pa kuuweka uso wake. Mtu mwingine, ambaye hakumzaa Yudith, alikuwa amemtangulia kwa miezi saba. Na mtu huyo huyo ndiye aliyemshikia ngazi Novemba, maganda yakimwangukia, bila kumtajia habari hiyo.

"Turudi nyumbani," akasema. "Wewe na mtoto."

"Hapana, baba. Shangazi amezeeka. Na kina mama wa hapa wameniomba niwafundishe kusoma, kila alasiri isipokuwa siku ya soko. Wako kumi na mmoja. Nimekwisha kuwaahidi."

"Naweza kumshika?"

Akamfungua mtoto mgongoni, akampa. Melkizedeki alimtazama babu yake, akauona uso usioujua, akalia kwa nguvu zake zote. Yudith hakumpokea mara moja. Alianika kwanza nguo mbili kwenye kamba, akazinyoosha pembe, ndipo akageuka kumchukua.

Sefania alikaa Bombo mpaka Jumapili. Baada ya ibada Kaanaeli alipika makande tena, na watu walewale wakaja. Walipokwisha kukaa, Sefania akasimama pale mlangoni ambapo barua zake husomwa. Hakuwahi kusimama hapo. Miaka yote aliwasemesha watu hawa kwa wino, akiwa mbali.

"Ndugu zangu," akasema, "barua niliyoileta ilikuwa na upungufu. Mimi nina watoto wanne. Wa kwanza ni Yudith. Sikumwandika kwa sababu niliona haya. Na haya ile haikuwa yake. Ilikuwa yangu mimi."

Alikusudia kuendelea, lakini sauti ilikuwa imepungua. Mama Hezroni, bibi mwenye masikio mazito, akamgeukia jirani yake. "Anasema nini?"

Ikambidi Sefania akaze sauti. "Nasema sikumwandika binti yangu, bibi."

"Hilo tulilijua," alisema bibi yule.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema, "Tumesikia, Sefania. Kaa." Akakaa. Baada ya muda mtu akauliza kama mvua za masika zitawahi, na mazungumzo yakaenda huko. Yudith wakati wote alikuwa jikoni akipakua, na haikujulikana kama alisikia. Alimletea baba yake sahani kwa mikono miwili, na maji ya kunawa, kama anavyoletewa mgeni.

Aliporudi Same, Sefania alirudi kuitwa Baba Yudith, kwa kuomba mwenyewe, nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuwa wamezoea jina jingine. Wengine walimwuliza sababu, na kila mmoja akamweleza. Eliwaza alianza kumwita tena, si mara moja, ni baada ya Pasaka. Uchaguzi wa wazee wa kanisa ulipofika alitajwa, akakataa. Barua aliendelea kuziandika. Yudith ndiye aliyezisoma mlangoni na ndiye aliyeandika majibu, na katika majibu hayo habari zake mwenyewe zilikuwa fupi kuliko za mahindi. Yudith aliporudishwa kwenye Meza ya Bwana, Sefania alipata habari miezi miwili baadaye, katika mstari mmoja, kati ya ndama na ukingo wa ndiva.

Mwaka wa 1957 Yudith aliposwa na mwanamume aitwaye Daudi, mpima kahawa wa chama cha wakulima, mtu mpole aliyekuwa amekwisha kumzoeza Melkizedeki kumwita baba. Sefania alipewa heshima zote zinazompasa baba wa msichana. Aliitwa, alikalishwa, aliulizwa, akaitikia. Lakini Yudith alipoulizwa na mchungaji ni nani atakayemshika mkono kumwingiza kanisani, alisema ni shangazi yake. Mchungaji akasema si desturi. Yudith akasema anajua.

Siku ya harusi Sefania alikaa benchi la pili, ndani ya koti jipya, magoti yamebanana. Kando yake alikaa mgeni aliyetoka Kileo, jamaa wa mbali wa bwana harusi, mtu mchangamfu asiyejua habari za pale. Kwaya ilipoanza na watu wote wakasimama, mgeni yule aliinama karibu na sikio lake.

"Mzee wangu, wewe ni wa upande gani?"

"Wa bibi harusi," Sefania akajibu. "Mimi ndiye baba yake."

Mgeni akamtazama. Kisha akatazama mlangoni, ambako Kaanaeli, amepinda mgongo, alikuwa akiingia polepole amemshika Yudith mkono. Mgeni alisogea kidogo kumpa Sefania nafasi, ingawa nafasi ilikuwapo.